Tairi la Safari Ndefu Huchaguliwa kwa Joto

Saa nane mchana, kilomita chache kabla ya Kibaigwa, gari lilianza kutetemeka kana kwamba nimepanda rasta zisizokwisha. Nikapunguza mwendo. Kabla sijafika pembeni mwa lami, kitu kikaanza kuchapa bodi upande wa nyuma, pa, pa, pa, kwa kila mzunguko wa gurudumu. Niliposhuka nilikuta tairi la nyuma kulia limevuliwa uso wake. Utepe wa mpira wenye upana wa kiganja ulikuwa unaning'inia, nyuzi za chuma zimetokeza, na upepo bado umo ndani. Mifereji ya mpira ule uliobanduka ilikuwa na kina karibu sawa na cha tairi jipya. Ndani ya gari tulikuwa watu sita.

Tairi hilo nililinunua la mtumba miezi minne kabla, na nililichagua kama wengi wetu tunavyochagua: nilichomeka kidole kwenye mifereji, kikazama, nikalipa. Siku ile, nikisubiri jeki, nililala chali chini ya gari nikamulika ubavu wa ndani kwa tochi ya simu. Baada ya herufi DOT na mlolongo wa alama nyingine zilikuwepo tarakimu nne za mwisho, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Nilipopiga hesabu, tairi lilikuwa na miaka tisa. Lilikuwa limekaa muda mrefu mahali fulani bila kutembea, ndiyo maana mifereji ilikuwa mizima. Gundi iliyoshika mpira na mikanda ya chuma ndiyo iliyokuwa imechoka.

Kisa hicho kilinifanya nianze upya kabisa nilipokuja kununua matairi manne ya Toyota Wish hiyo hiyo, gari ambalo kazi yake kubwa ni kwenda Dodoma na kurudi Dar es Salaam. Gari la mizunguko ya mjini husumbuliwa na mashimo, kona na breki za kila dakika. La barabara kuu linasumbuliwa na joto, na hapo ndipo uchaguzi wote unapopaswa kuanzia.

Chukua tairi la 195/65R15. Tarakimu hizo zinasema upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Ukijumlisha unapata kipenyo cha milimita 634 na nusu hivi, maana yake tairi huzunguka kama mara 500 kwa kila kilomita. Dar hadi Dodoma ni karibu kilomita 450, hivyo kila kipande cha mpira kinabonyezwa kwenye lami na kuachiwa zaidi ya mara laki mbili kabla hujafika. Kila kubonyezwa kunazaa joto kidogo. Upepo ukipungua ubavu unabonyea zaidi, na mzigo ukizidi ni vivyo hivyo. Ongeza mwendo na lami ya Gairo saa nane mchana, joto linazaliwa haraka kuliko linavyotoka, na linakusanyika hasa kwenye kingo za mikanda ya chuma. Mpasuko mdogo ukianzia hapo huwezi kuuona kwa nje.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa uchungu. Agosti 2000 Firestone iliitisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya nyuso za matairi kubanduka barabarani na magari kupinduka. Majimbo yaliyopewa kipaumbele katika kubadilishiwa yalikuwa ya joto: Arizona, California, Florida na Texas. Ford ilikuwa imependekeza upepo wa psi 26, Firestone ikasema ingefaa 30, nayo Ford ikajibu kwamba tatizo ni tairi lenyewe. Kampuni zile zilivutana sana, na sina haja ya kuziamulia hapa. Ninachokiona ni kwamba mvutano wote ulizunguka mambo ambayo dereva wa hapa hukutana nayo kila safari: upepo mdogo, mzigo, mwendo mrefu wa kasi, jua kali. Sheria iliyopitishwa mwaka huo huo baada ya sakata lile ndiyo iliyofungua njia ya ile taa ya dashibodi inayowaka upepo wa tairi ukipungua.

Basi nilipoingia kwenye maduka ya Kariakoo nilikuwa na karatasi mfukoni. Saizi niliinakili kutoka kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, kwa kuwa lililofungwa sasa huenda lilifungwa na mtu aliyelipata kwa bahati. Muuzaji wa kwanza hakuwa na saizi hiyo, akanishauri 205/65R15: "Hii inakaa vizuri tu, bosi, tena gari linanyanyuka." Kweli inaingia kwenye rimu. Lakini kipenyo chake ni milimita 13 zaidi, asilimia mbili, na spidomita itakuwa inasoma chini ya mwendo halisi. Tena gari likigeuka kona na watu saba ndani, tairi linaweza kugusa bodi. Nilimshukuru nikaenda mbele.

Nyuma ya saizi kuna namba na herufi ambazo watu wengi huziruka, nami ndizo nilizozitazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote: 91H. Namba 91 ni uwezo wa kubeba, kilo 615 kwa tairi moja. Kuna tairi lenye 88 linalofanana nalo kwa macho, ila linabeba kilo 560. Gari lina kilo karibu 1,300, weka watu saba na mabegi, na kumbuka kwamba mzigo haugawanyiki sawa kwa magurudumu yote; wa kiti cha mwisho na buti unaegemea ekseli ya nyuma. Sitashuka chini ya 91 kwa bei yoyote. Herufi H ni mwendo, kilomita 210 kwa saa. Wapo wanaouliza nani anakimbia 210 kwenda Dodoma. Hakuna, wala hapaswi kuwepo. Lakini herufi ile inapatikana kwa kulipima tairi kwenye mtambo likiwa na mzigo, mwendo ukipandishwa hatua kwa hatua, na kinachopimwa hasa ni ustahimilivu wa joto. Matairi ya H na kwenda juu mara nyingi huongezewa utando wa nailoni juu ya mikanda ya chuma, unaoikaza isitanuke gurudumu linapozunguka kwa kasi. Kwa safari zangu utando huo una thamani kubwa kuliko milimita moja ya ziada ya mpira. T, ya kilomita 190, ningeikubali. H niliipendelea.

Kwenye ubavu kuna pia madaraja yanayotakiwa na serikali ya Marekani. TEMPERATURE ni daraja la joto, A, B au C, na kwa gari la safari ndefu nachukua A tu. TRACTION ni mshiko wakati wa kufunga breki kwenye lami yenye maji, na hapo AA ndiyo ya juu. TREADWEAR ni namba ya uchakavu, 300, 400, 500, na kadiri inavyopanda ndivyo tairi linavyotarajiwa kudumu. Namba hii huwavutia sana wauzaji. Mimi sikuifukuza, kwa sababu kila kiwanda hujipangia chenyewe kutokana na majaribio yake, na mpira mgumu unaodumu mara nyingine hupoteza mshiko mvua inaponyesha.

Mvua haina mzaha kati ya Chalinze na Morogoro wakati wa masika, maji yanasimama kwenye njia zilizobonyezwa na malori. Watafiti wa NASA, wakichunguza matairi ya ndege, walipata kanuni inayohusisha upepo wa tairi na mwendo ambao gurudumu lisiloweza tena kuyakimbiza maji huanza kuelea juu yake. Kwa psi 32 kanuni inatoa kama kilomita 94 kwa saa. Kwa psi 24 inashuka hadi 82. Mifereji yenye kina huyapa maji nafasi ya kutoka, kipara kinaiondoa. Vile vibonge vidogo vilivyomo ndani ya mifereji vinakutana na uso wa tairi kina kinapobaki milimita 1.6, na mimi siwezi kuvisubiri: kwenye maji tairi linakuwa limekwisha kazi mapema kuliko hapo.

Ndugu yangu mmoja alinisihi nichukue matairi yenye meno makubwa, ya vumbi na matope, kwa kuwa huwa tunaingia kijijini. Tunaingia kilomita nane tu. Kilomita 442 zilizobaki meno yale yanapindapinda juu ya lami, yanapasha moto, yanaunguruma na kula mafuta. Ukipunguza ukinzani wa kuviringika kwa asilimia 10, mafuta hupungua kati ya asilimia 1 na 2. Kwa gari la safari za kila mwezi hilo linaonekana mfukoni.

Nilichochukua mwishoni ni matairi mapya manne ya barabara, 91H, joto A, yenye umri wa chini ya mwaka mmoja. Hili la umri niliwasumbua nalo wauzaji kweli. Tarehe kamili huwa imechapwa ubavu mmoja tu, na tairi likipangwa dukani ubavu huo ukiwa umefichika ni lazima ligeuzwe. Nilikataa duka moja ambalo mapya yake yalianikwa mlangoni juani. Mpira huwekewa nta inayojitokeza nje kuukinga, na inajitokeza vizuri tairi likiwa linatembea. Lililokaa juani bila kuzunguka linaanza kupata nyufa kama za matope yaliyokauka. Kama fedha zingetosha mawili tu, ningeyafunga nyuma, ingawa Wish husukumwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji gari linajizungusha, na madereva wachache sana wanaweza kulirudisha.

Kufunga kulichukua saa moja na nusu pamoja na balansi na alaimenti. Fundi aliuliza, "Niweke ngapi, kaka? Barabarani wengi wanaweka 40." Alikuwa anaiegemea namba ya ubavuni, ambako imeandikwa 44. Namba hiyo ni kikomo cha tairi. Upepo wa gari umeandikwa kwenye kibandiko kile kile cha mlangoni, kwa kilopaskali. 220 ni sawa na psi 32. Upimwe asubuhi gari likiwa limelala, maana baada ya saa moja ya lami unaweza kusoma 36 au 37 ukadhani umezidi, ukautoa, kesho ukaanza safari na upepo mdogo.

Safari ya kwanza nilisimama Gairo, nikazunguka gari nikigusa kila tairi kwa mgongo wa mkono. Matatu yalikuwa na joto la kawaida, la kuvumilika. La mbele kushoto lilinifanya nirudishe mkono. Kipimo kilisoma 30 likiwa moto, wakati wenzake walikuwa 36. Nilimwagia valvu maji ya sabuni, vipovu vikaanza kutoka shinani mwake, polepole, kimoja kimoja. Fundi alikuwa amefunga tairi jipya juu ya valvu ya zamani. Pale pale stendi kijana wa pancha alivua, akaweka valvu mpya, akajaza, na nikamwomba abadilishe na zile tatu nyingine.