Ayubu Aliyekatwa Nusu: Uhakiki wa Lugha ya Subira katika Mahubiri ya Kiswahili, Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Subira ni miongoni mwa maneno ambayo mhubiri wa Kikristo wa Masisi au Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, hawezi kuyaepuka. Historia ya karibu ya wilaya hizi mbili ndiyo inayomlazimisha kuyatumia. Mnamo Machi 1993 mauaji yalizuka katika soko la Ntoto, Walikale, na vita vya jirani kwa jirani vikaenea hadi Masisi. Mnamo Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto, Masisi, wakiamini kwamba nyumba ya sala haiguswi, walishambuliwa na wengi wakauawa, nao wamonaki wakalazimika kuondoka. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu 387 walibakwa katika vijiji vya Walikale vilivyo kandokando ya barabara inayopita Luvungi, kwa hesabu ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa. Mnamo Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Masisi mjini. Machi ya mwaka huohuo waliingia Walikale mjini, kisha wakaondoka mapema mwezi wa Aprili.

Mbele ya waumini waliopitia hayo, mhubiri atasema nini? Aghalabu atamtaja Ayubu. Makala hii inakusudia kuuhakiki usomaji huo wa Ayubu kama unavyohakikiwa usomaji wowote wa kazi ya fasihi: ni sehemu zipi za matini zinazosomwa, ni zipi zinazorukwa, na mruko huo unamfanyia nini msikilizaji. Hoja yake ni kwamba mahubiri ya mazoea yanamkata Ayubu nusu. Nusu inayobaki inafundisha kunyamaza, ilhali kitabu kizima kinafundisha namna ya kulalamika bila kuacha kuamini.

2. Maneno na mizigo yake

Kabla ya kumfikia Ayubu, hapana budi kuyatazama maneno yenyewe. Subira na saburi ni mapacha, yote mawili yakiwa yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kujizuia na kushikilia. Hata hivyo, katika Kiswahili cha leo kitenzi kusubiri kimeteremka hadi kuwa sawa na kungoja: mtu husubiri gari, husubiri zamu yake hospitalini. Kustahimili nako kumetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kubeba. Ndugu zake ni hamali abebaye mizigo na mhimili ubebao paa. Neno hili lina jasho ndani yake. Hamali aliyetembea msituni kutoka machimbo ya Bisie, Walikale, akiwa na gunia la kasiteriti mgongoni, hakuwa akingoja. Alikuwa akistahimili.

Tofauti hii si mchezo wa etimolojia. Agano Jipya la Kigiriki lina maneno mawili ambayo mahubiri huyachanganya. La kwanza, hupomone, limejengwa juu ya kitenzi cha kubaki pamoja na kiambishi cha chini: ni kubaki imara chini ya mzigo. La pili, makrothumia, ni kuchelewa kukasirika, yaani uvumilivu wa mtu kwa mtu. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, imejaribu kuilinda tofauti hiyo: katika Warumi sura ya 5, dhiki na tumaini zinaunganishwa na neno saburi, ilhali katika orodha ya tunda la Roho, Wagalatia sura ya 5, limetumika neno uvumilivu.

Mhubiri anapoyamimina yote katika chungu kimoja, linatokea jambo zito. Mwanamke aliyeombwa kustahimili njaa na safari ya kuhama anajikuta, kwa neno lilelile, ameombwa amvumilie aliyemtendea uovu. Njaa haina masikio ya kusikia lawama; mtenda uovu anayo. Neno moja likitumika kwa vyote viwili, mtenda uovu anahesabiwa kama mvua ya mawe, kana kwamba hana jina wala hatia.

3. Nusu inayosomwa na nusu inayorukwa

Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Sura mbili za mwanzo na aya 11 za mwisho ni nathari. Kati yake, ukiacha maelezo mafupi ya kuwatambulisha wasemaji, ni ushairi wa majibizano. Mahubiri ya mazoea huifuata nathari: palikuwa na tajiri mcha Mungu, alipoteza mifugo, watoto na afya, hakukufuru, akarudishiwa maradufu. Kisa kinaeleweka upesi, hasa katika Masisi, nchi ya malisho na jibini, ambako kuporwa ng'ombe si mfano wa vitabuni. Msikilizaji anaposikia kwamba Waseba walivamia maksai na Wakaldayo wakachukua ngamia, hahitaji kufafanuliwa.

Lakini mwandishi wa kitabu hakumwacha Ayubu akae kimya karibu sura 40. Katika sura ya 3 Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Baadaye anamtaka Mungu aje wahojiane kama watu wawili mbele ya hakimu. Maneno yake ni makali, na mara kwa mara yanapakana na kufuru. Jambo la ajabu linakuja katika 42:7. Hapo Mungu anawakasirikia rafiki zake Ayubu, waliomtetea Yeye kwa hotuba ndefu, na kusema kwamba ni Ayubu aliyenena ipasavyo. Msomaji aliyeruka kutoka sura ya 2 hadi ya 42 hawezi kuielewa hukumu hiyo, kwa kuwa hajui Ayubu alinena nini. Anadhani amesifiwa kwa kunyamaza, kumbe amesifiwa baada ya kusema.

Rafiki hao nao wanastahili kutazamwa upya. Walipofika, walikaa naye chini siku saba bila neno, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote waliyotenda. Walipofungua vinywa walileta hoja moja katika sura nyingi: ateswaye amekosa. Kila mhubiri anayewaambia waliohamishwa kwamba vita ni adhabu ya dhambi zao anasema kwa sauti ya Elifazi, hata kama ameshika kitabu kinachomkanusha Elifazi.

Hata ule mwisho wa maradufu husomwa kwa haraka. Kondoo 7,000 walikuwa 14,000, na ngamia 3,000 wakawa 6,000. Watoto hawakuongezwa hivyo: walikuwa 10, na wakazaliwa wengine 10. Wako wafasiri wanaosema kwamba wa kwanza bado wapo kwa Mungu, na kwa hiyo hesabu imetimia. Vyovyote iwavyo, matini haidai kwamba mtoto hulipwa kama kondoo. Mzazi wa Masisi aliyezika wanawe anastahili kuonyeshwa hesabu hiyo kabla ya kuahidiwa marejesho.

4. Ni nani afundishwaye kunyamaza?

Katika Kiswahili, Ayubu si wa Biblia peke yake. Pwani kuna Utendi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha katika miaka ya 1920 na ambao J. W. T. Allen aliuingiza katika mkusanyo wake wa Tendi mwaka 1971. Katika simulizi za Kiislamu zinazolisha mapokeo hayo, mke wa Ayubu, aitwaye Rahma au Rehema, habaki pembeni kama katika Biblia, ambamo anasema sentensi moja ya kukata tamaa na kusahaulika. Yeye ndiye anayemuuguza mumewe na kumtafutia chakula. Subira ya Ayubu inasimama juu ya kazi ya mkewe. Mhubiri wa Kikristo halazimiki kuyapokea mapokeo hayo, lakini yanamwonyesha pengo katika mahubiri yake: husifiwa subira ya aliyelala jivuni, ilhali aliyekwenda kutafuta maji na kuni, huku njia ikiwa na wenye silaha, hatajwi.

Walikale nako kuna fasihi yake. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, una kipengele kinachohusiana moja kwa moja na mada hii. Mwindo, shujaa mwenye kujisifu, anamuua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anampandisha mbinguni, na huko anapigwa na baridi, mvua na jua mpaka majivuno yanamtoka. Anarudi duniani akiwa mtawala mwenye kiasi. Hapa pia pana mafunzo ya kunyamaza, lakini anayefunzwa ni mwenye nguvu aliyeua, wala si mfiwa. Ayubu na Mwindo, waliozaliwa mbali sana kila mmoja na mwenzake, wanakubaliana katika hilo: wanaonyamazishwa ni wale ambao nguvu au usalama wao umewapa maneno mengi. Mahubiri ya mazoea yanaugeuza mpangilio huo. Mwenye bunduki hayupo kanisani kuhubiriwa subira, kwa hiyo subira yote inamwangukia aliyekimbia.

Waraka wa Yakobo, ambao katika 5:11 unamtaja Ayubu kama mfano wa kustahimili, unathibitisha jambo hilohilo. Aya sita za kwanza za sura hiyo ni karipio kwa matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Ni baada ya karipio hilo tu ndipo linapokuja neno la subira. Kuanzia kusoma aya ya 7 ni kuitenga faraja na haki iliyotangulizwa mbele yake. Katika eneo lenye kasiteriti ya Bisie na koltani ya Rubaya, aya hizo sita hazipaswi kurukwa.

5. Pingamizi

Kuna pingamizi ambalo haifai kulidharau. Masisi na Walikale ni makao ya Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo, Wakumu na wengineo. Lawama ikifunguliwa kanisani, yaweza kugeuka upesi kuwa lawama juu ya kabila la jirani, na yaliyofuata Ntoto mwaka 1993 yanajulikana. Je, si salama zaidi kuhubiri ukimya?

Jibu liko katika mambo mawili. Kwanza, lawama ya Ayubu inaelekezwa kwa Mungu. Ni sala, hata pale inapokuwa kali, na haitafuti mtu wa kupigwa. Zaburi ya 88, ambayo inaisha gizani bila hata aya moja ya kushangilia, nayo ni sala. Uchungu unaokosa nafasi katika sala hautoweki. Hutafuta mahali pengine pa kusemewa, na mahali hapo huenda pakawa kambi ya vijana wenye silaha. Pili, kitabu kinamalizika kwa maombezi. Katika 42:8-10 rafiki waliomuumiza Ayubu wanatumwa kwake ili awaombee, na mali yake inarudi anapowaombea. Mpangilio ni huu: alilalamika, akasikilizwa, ndipo akaombea. Anayedai maombezi kabla ya malalamiko kusikilizwa anadai tunda kabla ya ua.

Hapa Kiswahili kina nafasi yake ya pekee. Kwa wengi wa waumini hao si lugha ya kwanza. Nyumbani ni Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kitembo au Kikumu. Malalamiko yanayosemwa kwa Kiswahili husikika na jirani. Lugha hiyohiyo inayoweza kuuficha uchungu wa kila mmoja chini ya neno subira yaweza pia kumwezesha kila mmoja ausikie uchungu wa mwenzake.

Kwamba tumaini linaweza kusema wazi bila kuchochea kisasi, mfano upo katika Kivu yenyewe. Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 kabla ya kuwa askofu mkuu wa Bukavu mwaka 1997, aliandika waraka wa Noeli ya 1999 kuhusu tumaini katika dhiki. Aliwafariji waumini na papo hapo akakemea uporaji uliofanywa na wageni wakishirikiana na baadhi ya Wakongo. Kundi la waasi la RCD lilimfukuza Bukavu na kumpeleka Butembo kuanzia Februari hadi Septemba 2000. Alifariki Roma Oktoba mwaka huo. Watawala hawakuogopa neno faraja. Waliogopa kwamba liliwekwa katika waraka mmoja na neno haki.

6. Hitimisho

Makala hii haidai kwamba mahubiri ya subira ni uongo. Methali inasema subira ni ufunguo wa faraja, na watu wengi wa Masisi na Walikale wamebaki na akili timamu, wamelea yatima na kulima upya mashamba yaliyochomwa kwa sababu walishika imani hiyo. Kinachohakikiwa ni ufupi wa usomaji. Ayubu akisomwa mzima, subira hurudi kuwa kazi ya mhimili: kubeba paa huku ukilia kwa uzito wake.

Kazi mbili zinafuata. Wanaofundisha wahubiri wangefanya vema kuipa sura ya 3 ya Ayubu na Zaburi ya 88 nafasi katika usomaji wa ibada, zisomwe kwa sauti, bila kuharakishwa kufikia mwisho mwema. Wanafunzi wa Kiswahili nao wanayo hazina ambayo haijaguswa vya kutosha: sala za papo kwa papo za akina mama, nyimbo za korali zilizotungwa katika kambi za waliohama, na mahubiri ya katekista katika kanisa la mbao. Zikusanywe kwa idhini ya wenyewe na kwa kuficha majina yao, kisha zichunguzwe swali moja: katika kila matini, ni nani anayeambiwa avumilie, na ni nani anayeachwa bila kuambiwa neno?