Ustadi wa Kufungua

Watu humsifu fundi kwa alichokiunga, na ni nadra kumsifu kwa alichokifungua. Nami nilikuwa miongoni mwao hata asubuhi ile niliyosimama uani kwetu Mombasa, mikono imetapakaa oili nyeusi, nikimtazama mzee mmoja akiitenga injini na gari langu kwa upole wa mtu amvuaye nguo mgonjwa.

Gari lenyewe, Datsun 240Z, lina nasaba inayojulikana katika nchi zetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki kwa gari la aina hiyo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda mbio hizo kwa gari la mfano huo huo baada ya kulingana alama na Harry Källström. Langu halikupata kushindana na yeyote ila kutu ya bahari, na katika mashindano hayo lilikuwa limekwisha kushindwa nusu. Chini ya boneti yake ndefu mna silinda sita zilizopangwa safu moja, ujazo wake sentimita za ujazo 2,393, na kwa miezi kadhaa silinda hizo zilikuwa zikinywa oili na kutoa moshi wa buluu, hata jirani wakaanza kufunga madirisha kila niliposhika ufunguo.

Nilidhani tutaanza kwa spana. Mzee alianza kwa chaki. Kabla ya kugusa nati yoyote alizizungushia bawaba za boneti mstari mweupe, na nilipomhimiza akasema, "Bwana, boneti ikipoteza mahali pake, utapatafuta mwezi mzima." Kisha akaondoa waya wa betri, akamwaga maji na oili, akaitoa rejeta, mambo ambayo kila mtu huyafanya na hayana haja ya kuelezwa.

Lenye haja ya kuelezwa ni namna alivyoziendea nyaya na bolti. Kila waya aliufunga kijikaratasi chenye namba, na namba hiyo hiyo akaiandika mahali waya ulipotoka. Tulipofika kwenye nyaya za plagi nilitaka kujitia ujuzi, nikamwambia kwamba moto wa injini hii huzunguka 1-5-3-6-2-4, jambo ambalo ni kweli, na kwamba kwa hiyo alama hazina lazima. Alinisikiliza kwa adabu, akaziandika. Na kila bolti iliyotoka, baada ya kufutwa, aliirudisha katika tundu lake mwenyewe kwa mizunguko miwili ya vidole, isipokuwa pale ambapo tundu lilikuwa linaondoka na injini na bolti inabaki, ndipo alipoitia katika kopo lenye jina. Nikamaizi kwamba mtu huyu hakuwa akibomoa. Alikuwa akimwandikia barua yule atakayekuja kufunga, na hakuna ithibati kwamba yule angekuwa yeye, kwa kuwa umri wake ulikuwa mkubwa na pistoni mpya zilikuwa bado ziko safarini.

Nati za ekzosi zilikuwa zimeshikana na kutu kama ndugu wenye kesi ya shamba. Mimi ningalizikata. Yeye alizinywesha mafuta jioni, akaenda zake kuswali na kulala, na asubuhi, badala ya kuzilegeza, alizikaza kidogo, unywele tu, kisha akarudi nyuma, kisha akakaza tena, hata kutu ikakata tamaa. Sijapata kuona subira yenye hila nzuri kuliko ile: kukaza ili kufungua.

Katika gari hili injini na giaboksi hutolewa pamoja, na kwa kuwa urefu wake wapita uwazi uliopo, sharti mbele kuinuke na nyuma kushuke, kama kitanda cha samadari kinavyopitishwa katika mlango wa nyumba ya kale. Propela ikishachomolewa, mkia wa giaboksi humwaga oili unapoinama. Kwa hiyo aliufunga kwa mfuko wa nailoni na kipande cha mpira wa baiskeli. Mtambo wa klachi aliufungua bolti zake mbili tu na kuuning'iniza kando, bila kulegeza mpira wake, kusudi hewa isiingie. Juu ya miguu mitatu ya bomba za chuma akatundika cheni bloki.

Hapa ndipo nilipopata fedheha yangu. Nilikuwa nimeapa kwamba nyaya zote za upande wangu zimekwisha toka. Nikavuta mnyororo, injini ikapanda, na gari zima likapanda nayo. Mzee hakunikaripia. Aliinama, akapitisha mkono chini kwa kupapasa, akauonyesha waya mnene unaounga injini na bodi, mweusi kwa uchafu, niliouona siku mbili nzima bila kuutambua. "Mwanangu, teremsha," akasema, na nilipoteremsha akaufungua, akaufuta, akaufunga kijikaratasi, akairudisha bolti yake.

Mara ya pili nilivuta polepole, shanga moja ya mnyororo baada ya nyingine, naye ameweka kiganja ubavuni mwa injini kana kwamba anamwongoza ng'ombe kivukoni. Giaboksi ikapita penye ukuta wa moto ikiacha nafasi ya kidole. Chuma kile chote kikaning'inia hewani, kikazunguka kidogo, kikatulia. Tukalisukuma gari nyuma, nalo, kwa kupunguziwa mzigo, likawa limeinua pua yake juu ya springi za mbele, juu kuliko nilivyopata kuliona tangu nilinunue. Mzee akaishusha injini juu ya tairi kuukuu, akanawa mikono kwa sabuni na mchanga, akauliza kama kahawa ipo.