Bwana Msa na Uchambuzi wa Kunakili

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili kuna kauli moja ambayo imesafiri sana kuliko vitabu vyenyewe, nayo ni kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes wa Waswahili. Kauli hii hupatikana katika miongozo, katika tovuti za maandalizi ya mitihani na, kwa wingi wa kutia shaka, katika insha za wanafunzi wetu. Kauli yenyewe ni ya kweli. Tatizo ni kwamba hunakiliwa na kuachwa papo hapo, kana kwamba ikishatajwa, kazi ya mhakiki imekwisha. Makala haya yanadai kuwa anayeinakili bila kufungua riwaya anakosa jambo lile lile ambalo Muhammed Said Abdulla angeweza kumfundisha: namna ya kukopa na kubaki mbunifu.

Tuanze na deni lenyewe. Arthur Conan Doyle alimtoa Sherlock Holmes kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Abdulla alishinda shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko, ana rafiki wa kufuatana naye, Najum, na anafumbua mambo kwa kuunganisha dalili ndogo ambazo wengine wamezipuuza. Hayo yote yana asili yake kwa Doyle. Naye Doyle alikopa kwa Edgar Allan Poe, aliyembuni mpelelezi Dupin mwaka 1841. Tena hakuficha: katika riwaya ya kwanza kabisa ya Holmes, wahusika wenyewe wanamtaja Dupin na kumjadili.

Je, cha Abdulla mwenyewe ni kipi? Ni mzimu. Kifo cha Bwana Ali kimefungamana na mahali ambapo watu wanapaogopa na kupaheshimu, hivyo Msa hana budi kutenganisha jinai na itikadi kabla ya kumtafuta mhalifu. Huenda msomaji akapinga kwamba Doyle naye alitumia hofu ya namna hiyo katika The Hound of the Baskervilles ya mwaka 1902. Pingamizi hilo ni la haki, na ndilo linalotusaidia kuona tofauti. Hofu ya Doyle ni laana ya ukoo mmoja wenye shamba na jumba. Hofu ya Abdulla ni ya jamii nzima, na inagusa uhusiano wa walio hai na watu wa kale. Mpelelezi anayeuingilia mzimu anaingilia mamlaka ya wazee. Hapo kifaa cha kuazima kimefanya kazi ambayo mwenyewe hakukipa.

Ukopaji wa aina hii si mgeni kwetu. Katika takhmisi, mshairi huchukua mishororo ya mwenzake na kuiongezea yake mpaka kila ubeti unatimia mishororo mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyolishughulikia shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Vivyo hivyo Hamziya ya Aidarus inajulikana wazi kuwa imetokana na kasida ya Kiarabu ya al-Busiri. Mapokeo yetu hayakumtaka msanii aumbe kutoka katika utupu. Yalimtaka deni lionekane, na juu ya deni pawepo nyongeza.

Insha ya kunakili haina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Katika vyuo vyetu hapa Uganda hujifichua kirahisi. Mwanafunzi aliyezaliwa Mbale au Masaka anaandika "hapa nchini kwetu, baada ya Azimio la Arusha", ilhali azimio hilo ni la Tanzania ya mwaka 1967. Aya nzima imehamishwa kutoka katika maandalio ya kidato cha sita ya ng'ambo ya mpaka. Siku hizi pia kuna programu za akili mnemba, ambazo zinaweza kumpa mwanafunzi insha yenye sarufi safi na mhusika ambaye hayumo riwayani.

Ni rahisi kuwalaumu vijana. Hata hivyo, tujiulize sisi walimu tunatuza nini. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, na wananakili kwa kuogopa wino mwekundu juu ya ngeli na upatanisho wa kisarufi. Tena swali la "Jadili dhamira za riwaya hii" lina majibu mia mtandaoni kabla halijaandikwa ubaoni. Badala yake, tumpe mwanafunzi kurasa tatu za Abdulla, aonyeshe kilichoazimwa, kilichobadilishwa, na sababu ya mabadiliko hayo. Akikosea upatanisho, tumsahihishe, lakini wazo lake lipewe alama kubwa kuliko aya nyoofu ya mtu mwingine.

Sheria yenyewe inaijua tofauti hii. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 hailindi mawazo, bali inalinda namna yalivyoelezwa. Wazo la mpelelezi mwenye kiko ni la kila mtu. Aya ya mhakiki ni mali yake.

Suala hili lina uzito zaidi tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wetu ndio watakaosimama mbele ya madarasa hayo. Mwalimu aliyehitimu kwa kunakili atafundisha kwa kunakili, na watoto wa Uganda watakariri habari za Bwana Msa bila kumsoma. Basi tusiwakataze wanafunzi kukopa. Tuwadai wamtaje mwenye mali, kisha watuonyeshe walichoongeza.