Nuru Katika Kioo

Ndugu Waislamu, fundi hukata vioo vya rangi akaviunganisha kwa madini ya risasi. Jua likipita, nyumba hupambika. Sanaa hii si ngeni kwetu. Iko Unguja, katika zahanati ya kale ya Tharia Topan, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1887; iko Shiraz, katika Msikiti wa Nasir al-Mulk, uliokamilika mwaka 1888.

Lakini wako mafundi wa Marekani waundao kwa vioo hivyo mafuvu na mizuka, kwa ajili ya Halloween, usiku wa 31 Oktoba. Mkono wao ni hodari. Kusudi ndilo lililopotoka. Dirisha huwekwa lilete nuru, wao hulitia kitisho. Na mauti ni mawaidha, si mchezo.

Enyi vijana wa Msamvu mchomeleao madirisha, igeni ufundi, uacheni mzuka. Wabillahi taufiq.