Uso wa Santuri

Sauti haina uso. Wimbo uimbwao gizani hufika masikioni sawasawa na uimbwao mchana, na sikio halihitaji taa ili litimize kazi yake. Hata hivyo, kwa muda wa zaidi ya miaka 80 santuri zimevikwa picha, na baadhi ya picha hizo zajulikana hata na watu ambao hawajapata kuzisikia nyimbo zilizofunikwa nazo. Majalada yaliyopigwa chapa hayana idadi. Yaliyo mengi yamesahauliwa. Machache yamekuwa alama za zama zao. Ni nini kilichoyatenga machache hayo na wingi wa wenzao?

Majibu mawili hutolewa kwa haraka. La kwanza husema ni uzuri wa picha. La pili husema ni umaarufu wa mwimbaji. Jibu la kwanza haliwezi kueleza kwa nini majalada mengi mazuri yamekufa. La pili haliwezi kueleza kwa nini waimbaji mashuhuri, waliotoa albamu kumi au ishirini, hukumbukwa kwa jalada moja au mawili tu. Jibu lenye kutosheleza halina budi kutafutwa katika jambo la tatu, nalo ni kazi ambayo jalada humwachia mtazamaji.

Yafaa kwanza kukumbuka jalada lilikotoka. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 santuri ziliuzwa ndani ya mifuko ya karatasi, na mara nyingi mifuko hiyo ilitobolewa katikati ili jina la wimbo lisomeke. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulichukua dakika tatu hadi tano. Kwa hiyo kazi ndefu ilihitaji santuri kadhaa, nazo zilijalidiwa pamoja mfano wa kitabu cha kutilia picha. Ndiyo asili ya kuitwa albamu. Vitabu hivyo vilikuwa vya rangi zilizofifia, bila ya pambo, hata watu wa kazi hiyo wakavifananisha na mawe ya makaburi. Lakini muziki haukufa kwa ajili hiyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika santuri, jina lake lilizidi kuenea katika pwani ya Afrika Mashariki kwa nguvu ya koo lake, si kwa nguvu ya picha. Wimbo, basi, waweza kuishi bila ya uso. Jalada ni nyongeza, na kila nyongeza hudaiwa sababu ya kuwapo kwake.

Sababu ya kwanza ilikuwa biashara. Mwaka 1940 kijana mmoja, Alex Steinweiss, mchoraji wa kampuni ya Columbia nchini Marekani, aliishawishi kampuni hiyo imruhusu kutia picha juu ya albamu ya nyimbo za Rodgers na Hart. Picha ilikuwa ya ubao wa taa wa jumba la michezo la Imperial, New York, ambao maandishi yake yalibadilishwa yakawa jina la albamu. Kampuni nyingine zikafuata nyayo. Columbia ilipotoa, mwaka 1948, santuri ya mizunguko 33⅓ yenye kuchukua zaidi ya dakika 20 kila upande, jalada lilipata umbo lake kamili: mraba wa sentimita 30 hivi, uwanja wa kumtosha mchoraji. Lakini tabia yake haikubadilika. Lilizaliwa dalali, na dalali kazi yake ni kupaza sauti: jina la mwimbaji kwa herufi kubwa, uso wenye tabasamu, orodha ya nyimbo. Majalada ya namna hiyo yalitimiza wajibu wake siku ya mauzo, na siku hiyo ilipopita hayakuwa na neno jingine la kusema.

Mfano mkuu wa jalada lililoacha udalali ni lile la Abbey Road, albamu ya Beatles iliyotolewa Uingereza tarehe 26 Septemba 1969. Picha yake ilipigwa tarehe 8 Agosti mwaka huo karibu na studio za EMI, mjini London. Mpiga picha, Iain Macmillan, alipanda ngazi katikati ya barabara huku askari polisi akizuia magari. Waimbaji wanne wakavuka kivuko cha pundamilia, wakarudi, wakavuka tena. Picha sita zikapigwa, na kazi yote ikachukua dakika kama kumi. Paul McCartney, ambaye wazo lilikuwa lake, alichagua picha ya tano. Ndani yake miguu ya wote wanne imepanuka kwa kipimo kimoja juu ya milia myeupe ya barabara. Mbele yuko John Lennon kwa suti nyeupe. Anafuata Ringo Starr kwa suti nyeusi. Kisha McCartney mwenyewe, miguu mitupu. Na nyuma George Harrison kwa nguo za jinzi. Hayo ndiyo yaliyomo. Jina la kundi halipo mbele ya jalada, wala jina la albamu.

Kukosekana kwa majina hakukuwa kusahau. John Kosh, aliyesimamia usanifu wa jalada, aliona kwamba kundi lililokuwa mashuhuri kuliko yote duniani halina haja ya kujitaja, ingawa upande wa kampuni ulihofia mauzo. Wahenga walikwisha kulikata shauri hilo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini methali hiyo isitumiwe hapa kwa pupa, kwani kunyamaza kwa jalada hili kuna faida kubwa kuliko majivuno. Jina lilipoondolewa, picha iliacha kuwa tangazo la bidhaa ikawa tukio. Na tukio humfanya mtazamaji aulize: watu hawa watoka wapi, nao wanakwenda wapi?

Watazamaji walijibu swali hilo kwa namna ambayo hapana msanifu angaliweza kuipanga. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1969 ulienea uvumi, hasa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, kwamba McCartney alikwisha kufa na nafasi yake imeshikwa na mtu mwingine. Jalada likasomwa kama hati ya ushahidi. Mwenye nguo nyeupe akafanywa kasisi, mwenye nyeusi mfiwa, mwenye jinzi mchimba kaburi, na asiye na viatu maiti. Ikaonekana kwamba hatua yake haipatani na hatua za wenzake, na kwamba sigara imo katika mkono wa kulia ilhali yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Hata gari lililosimama kando halikuachwa: mwisho wa nambari yake, 281F, ulisomwa kana kwamba wasema kwa Kiingereza "28 kama", yaani umri ambao angaliufikia kama angaliishi. Mwezi wa Novemba jarida la Life lilimfuata shambani kwake Scotland likamkuta mzima. Uvumi ulikuwa upuuzi. Lakini upuuzi huo una fundisho. Watu hawasomi mazishi katika picha iliyokwisha kujieleza yote. Waliyasoma hapa kwa sababu jalada liliwaachia nafasi.

Baada ya kuisoma picha, watu waliingia ndani yake. Mwaka 1970 kundi la Booker T. & the M.G.'s la Memphis lilitoa albamu ya kuitika ile ya Beatles, nalo likapigwa picha likivuka barabara ya McLemore, penye studio yao. Mwaka 1993 McCartney mwenyewe alirudi kivukoni akapigwa picha na mbwa, akijifanyia mzaha yeye na uvumi wa kufa kwake. Wageni wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakisimama pale wakipanua miguu yao kwa kipimo kile kile. Mwezi wa Desemba mwaka 2010 kivuko kiliingizwa katika orodha ya serikali ya urithi wa kuhifadhiwa. Rangi nyeupe juu ya lami, kitu kisicho na thamani ya ujenzi, imepewa heshima ambayo kwa kawaida hupewa makanisa na majumba ya kale. Heshima hiyo haikutoka kwa mchoraji wala kwa kampuni. Imetoka kwa miguu ya watu.

Kutokana na mfano huu masharti matatu yaweza kutajwa. Sharti la kwanza ni kwamba jalada lisimulike. Watu wanne wanavuka barabara kwa mstari: mtu aliyeliona mara moja aweza kumsimulia asiyeliona, na mtoto aweza kulichora kwa kidole mchangani. Msomaji aweza kupinga kwa kutaja jalada jingine la Beatles, lile la Sgt. Pepper la mwaka 1967, lililosanifiwa na Peter Blake na Jann Haworth, ambalo limejaa nyuso za watu mashuhuri zaidi ya 50. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halivunji sharti, lalieleza zaidi. Wepesi unaotakiwa si uchache wa vitu, bali ni umoja wa wazo. Wanamuziki waliovaa sare za rangi wamesimama nyuma ya ngoma kubwa, na halaiki imewazunguka kama siku ya kupiga picha ya ukumbusho. Halaiki yote yaingia katika sentensi moja.

Sharti la pili ni kwamba jalada liache pengo. Dalali hujaza kila nafasi kwa sababu huogopa kimya. Jalada liwezalo kuwa alama husema nusu ya neno, na nusu ya pili hutamkwa na mtazamaji. Mtu hulinda kwa wivu jambo ambalo ameshiriki kulikamilisha, na hapo ndipo mali ya kampuni igeukapo kuwa mali ya watu.

Sharti la tatu ndilo gumu, nalo ni uaminifu kwa sauti. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: jalada zuri juu ya muziki dhaifu halina maisha marefu, maana mnunuzi akishadanganywa hana hamu ya kuitazama tena sura iliyomdanganya. Abbey Road halina deni la namna hiyo. Sehemu kubwa ya upande wa pili wa santuri hiyo ni msururu wa nyimbo fupi zifuatanazo karibu bila ya kituo, kila moja ikimkabidhi njia mwenziwe, kama wafuatanavyo wanaume wanne wa jaladani. Tena, katika picha wanaiacha studio nyuma yao. Tarehe 20 Agosti 1969, siku 12 baada ya picha kupigwa, ilikuwa mara ya mwisho kwa wote wanne kuwa pamoja studioni, na mwezi wa Aprili 1970 ulimwengu ulijua kwamba kundi limevunjika. Mnunuzi wa kwanza aliona watu wanavuka barabara. Mnunuzi wa baadaye aliona watu wanaagana. Picha haikubadilika hata nukta moja, lakini maana yake ilikua, kwa kuwa ilikuwa na nafasi ya kukulia.

Upo mfano mmoja ambao waonekana kuyapindua masharti haya. Mwaka 1979 kundi la Joy Division la Manchester lilitoa albamu ya Unknown Pleasures. Jalada lake ni jeusi, na katikati yake imo mistari myeupe iliyopandana kama safu za milima. Nalo halina jina. Mistari hiyo si kazi ya kubuni: ni mapigo 80 yaliyofuatana ya mawimbi ya redio kutoka kwa nyota ya namna iitwayo pulsa, ya kwanza kujulikana, iliyogunduliwa na Jocelyn Bell akiwa Cambridge mwaka 1967. Mchoro ulitoka katika tasnifu ya Harold Craft ya mwaka 1970, ukachapwa katika ensaiklopidia ya elimu ya nyota, ukaonwa na mpiga gitaa Bernard Sumner, na msanifu Peter Saville akaugeuza: palipokuwa peupe pakawa peusi. Leo mchoro huo huvaliwa kifuani na watu wengi ambao hawajui nyota wala hawajui kundi. Je, si ushahidi kwamba picha yaweza kuwa alama bila ya sauti?

Jibu ni kwamba umaarufu na alama ni mambo mawili. Alama ni alama ya kitu. Ikikosa kitu hubaki pambo. Kwa avaaye fulana bila ya kusikia, mistari ile ni pambo zuri, wala hapana dhambi katika kujipamba. Lakini aliyeisikia santuri, ngoma zake za baridi na utupu uliowekwa makusudi kati ya chombo na chombo, hutambua kwamba mistari ile ni mapigo yanayofika kutoka mbali sana. Ian Curtis, mwimbaji wa kundi hilo, alifariki mwezi wa Mei mwaka 1980, na tangu hapo sauti yake yenyewe imekuwa mfano wa mapigo hayo. Jalada ni lile lile. Mmoja analitazama, mwingine analisikia.

Jambo hili lina uzito zaidi katika siku hizi. Uwanja wa sentimita 30 ulipunguzwa hadi 12 ilipokuja santuri ndogo ya kidijitali mwaka 1982, na katika simu ya mkononi umekuwa sawa na ukucha wa kidole gumba. Wako wanaolia kwamba sanaa ya jalada imekwisha. Huenda kilichokwisha ni anasa ya mapambo madogo madogo. Kwani wale wanne wangali wakitambulikana wakivuka njia katika upana wa ukucha, na mistari ya nyota yaonekana vilevile. Hatari iliyopo ni nyingine: kwamba picha zitapita machoni kwa wingi na kwa kasi, bila ya mtu kuketi nazo mkononi kwa dakika 20 za upande mmoja, muda ule ambao jicho lilikuwa likifundishwa na sikio. Mhakiki atakaye kulipima jalada kwa haki aanze, basi, kwa kuiweka santuri juu ya kinanda chake. Mwenye kulihukumu jalada kabla ya kusikia huwa amekihukumu kifuniko, naye hajui chungu kimepikwa nini.