Kufungua na Kufunga katika Tafsiri za Ufundi wa Umeme

Mfasiri wa maelekezo ya ufundi ana dhamana asiyokuwa nayo mfasiri wa hadithi: neno lake likipotoka, mtu aweza kupoteza maisha. Twalisema hili kwa sababu ya vitenzi viwili, kufungua na kufunga, vinavyotumiwa ovyo katika tafsiri zinazohusu swichi na nyaya.

Kwa Kiingereza cha wahandisi, saketi iliyo wazi ni ile iliyokatika, isiyopitisha umeme. Iliyofungwa ndiyo ipitishayo. Mfasiri anayefuata kamusi tu huandika: "Fungua swichi kabla ya kugusa waya." Je, msomaji wetu afanye nini? Katika Kiswahili mtu akifungua bomba, maji hutoka, akifungua redio, sauti husikika, akiifunga, hunyamaza. Basi fundi mtiifu ataiwasha swichi, kisha ashike waya. Naye hana kosa, kwani amesoma Kiswahili kama kisemwavyo. Kwa maoni yetu, swichi iwashwe na kuzimwa, saketi ikatwe na kuungwa. Kufungua kuachiwe skrubu na vifuniko.

Hata kuzima peke yake hakutoshi. Swichi ya taa aghalabu hukata waya mmoja tu. Iwapo aliyetangulia aliiunga kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, taa itazimika ilhali holda ingali na umeme. Kwa hiyo maelekezo ya kutafuta hitilafu hayana budi kutaja swichi kuu, na kutaja testa ya kuhakikishia.

Wako pia waandikao "kivunja mzunguko". Hatuliafiki neno hili. Kilichovunjika hakifai tena, na chombo hiki kimeundwa kikate umeme, kisha kirudishwe. Kinachokwisha kazi ni fyuzi, ambayo uzi wake huyeyuka. Mafundi husema breka, nasi hatuoni haya kulipokea. Linalotushughulisha zaidi ni kitenzi chake. Breka iliyokatwa imekatwa na mtu. Breka iliyojikata imejikata kwa sababu, ama mzigo umezidi, ama kuna shoti, na sababu hiyo yapasa itafutwe kabla ya kuirudisha. Silabi moja, -ji-, yamweleza fundi yote hayo, lakini wafasiri wengi huiacha. Tena, breka za aina nyingi zikijikata, kitasa chake husimama katikati. Sharti kisukumwe kwanza hadi mwisho wa upande wa kuzima, ndipo kiwashwe. Tafsiri isemayo "rudisha juu" tu humfanya fundi adhani breka imekufa.

Kuhusu magari, neno sensa tunalo tayari kwa kuhesabu watu, kama ilivyofanyika Tanzania mwaka 2022. Muktadha hutofautisha, lakini twapendelea kihisi. Kasoro kubwa iko kwingine. Kihisi cha oksijeni hukaa kwenye bomba la moshi. Bomba likitoboka mbele yake, upande wa injini, hewa ya nje huweza kuingia, na kihisi kizima kabisa huripoti oksijeni iliyozidi. Mfasiri akiandika "kihisi kibovu" pale palipokusudiwa "kipimo cha kihisi kimepita kiwango", mwenye gari atanunua kipuri kipya, na taa ya dashibodi itaendelea kuwaka.