Hofu ya Kapteni Stanhope, na Wapagazi wa Narung'ombe

Filamu ya Journey's End tuliitazama jioni mbili, shuka jeupe likiwa limetundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, na kijana mmoja akitufasiria Kiingereza. Ilitolewa mwaka 2017 na mwongozaji Saul Dibb, kutokana na tamthilia ya R. C. Sherriff iliyoonyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1928. Sherriff mwenyewe alikuwa afisa katika Vita Vikuu vya Kwanza, akajeruhiwa. Labda ndiyo maana hana haraka ya kuonyesha mizinga. Anatuketisha shimoni pamoja na maafisa wachache wa Kiingereza huko Ufaransa, Machi 1918, wakingoja Wajerumani washambulie.

Kungoja ndiko kunakotesa. Kapteni Stanhope, kijana bado, anakunywa pombe ili aweze kusimama mbele ya askari wake. Baadhi yetu tulimhukumu mapema kuwa ni mlevi tu. Kisha tukamwona na Hibbert, afisa anayesingizia ugonjwa ili arudishwe nyuma. Stanhope anamzuia kwa ukali, na tulidhani atamvunja kabisa. Badala yake anamwambia kwamba yeye naye anaogopa vilevile, na kwamba watakwenda pamoja. Hapo ukumbi ulinyamaza. Ni kipande bora kuliko vyote katika filamu hii. Wengi wetu tumefundishwa kwamba mwenye imani haogopi, tukajifunza kuficha hofu hata mbele ya wanaotuombea. Lakini Bwana wetu kule Gethsemane hakuficha. Aliwaambia rafiki zake huzuni yake, akawaomba wakeshe naye. Walisinzia, ndiyo, ila kuomba aliomba.

Osborne, afisa mtu mzima ambaye wenzake humwona kama mjomba wao, anauawa katika uvamizi wa mchana uliokusudiwa kukamata Mjerumani mmoja tu. Furaha ya wakubwa juu ya mateka huyo inatangulia huzuni ya waliokufa. Jioni maafisa wanakula vizuri na kunywa shampeni, lakini kijana Raleigh anakwenda kula na askari wa kawaida. Tulimpenda kwa hilo. Hata hivyo filamu haikai huko alikokwenda. Mpishi Mason analeta chai, anatania kidogo, anaondoka. Askari wengine ni nyuso zinazopita gizani. Hiyo ndiyo lawama yetu: mwandishi anajua meza ya maafisa ni ndogo, ila naye hainuki.

Lawama hiyo inatuuma kwa sababu ya mahali tunapoishi. Wazee wengi ukumbini walidhani vita ile ilikuwa ya Ulaya tu. Lakini tarehe 19 Julai 1917, miezi minane kabla ya hadithi hii, watu walipigana Narung'ombe, hapa hapa Ruangwa, nchi kavu ambamo visima vilikuwa na thamani kuliko kilima. Oktoba mwaka huohuo ikawa Mahiwa, karibu na Nyangao, ambako tunapita tukienda Lindi. Siku nne, kuanzia tarehe 15 hadi 18, Waafrika wa jeshi la Mjerumani walikuwa mahandakini, na Waafrika wa jeshi la Mwingereza, wakiwemo Wanigeria, wakawaendea. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa.

Nyuma yao walikuwa wapagazi. Barabara za magari hazikuwapo, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo, basi risasi na unga vilikwenda kichwani. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki, wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao walikufa zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye eneo letu la Masasi lilikuwa chini yake, aliongoza kikosi cha wapagazi yeye mwenyewe, akitembea nao. Lakini pale Dar es Salaam, maneno ya Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 yanawataja wapagazi, na aliyesimama juu ni askari na bunduki yake.

Hatusemi Sherriff angeandika habari za Narung'ombe. Aliandika shimo alilolijua, na aliliandika kwa ukweli. Tunasema tu kwamba Hibbert alipata mtu wa kumwambia "nami naogopa", na sisi hatujui kama mpagazi aliyelala kando ya njia akiharisha damu alipata.

Siku ya Marehemu Wote tulimwomba padre awataje wapagazi hao pamoja na marehemu wetu. Alikubali mara moja, akachukua kalamu, akauliza majina yao. Tulitazamana. Mzee mmoja alisema babu yake alichukuliwa kubeba mizigo, akarudi bila ndugu yake. Jina la huyo ndugu nyumbani kwao halikutajwa tena. Padre akaandika: "ndugu wa babu."